Jamani, namba 4 si kaburi!

Juzi shoga yangu kaja kwangu macho mekundu. Mama yake kapigwa eksirei ya matiti, jibu limeandikwa "BI-RADS 4". Nyumba nzima wameshaanza msiba!

Ngoja nikupashe. Namba hizo walizitoa madaktari wa eksirei wa Marekani mwaka 1993. Daktari anautazama uvimbe sura yake. Ukiwa wa mviringo, kingo laini, mara nyingi si saratani. Ukiwa umeota miiba kama nyota, hapo anashtuka.

Namba 3, hatari haizidi asilimia 2. Unarudi kupigwa picha baada ya miezi 6. Namba 5 ni asilimia 95 na kuendelea. Namba 4 iko katikati: imepita 2, haijafika 95. Umeona ilivyo pana? Ndiyo maana inabidi kinyama kidogo kichukuliwe, kikapimwe maabara.

Picha inashuku tu, haikati kesi. Kwa hiyo usilie kabla ya kipimo, lakini usikikimbie. Kukimbia ndiko kunakoua, dada yangu.

Mama anakwenda kupimwa Jumatatu. Shoga na mimi tunamsindikiza.