Vita vilivyoifanya barua kuwa mshenga Nyanza

Kabla ya Nyalenda kuingizwa katika mipaka ya mji wa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa sehemu ya mashamba na maboma, hatua chache kutoka mji wa reli na bandari. Kutoka maboma ya namna hiyo, kote Nyanza, vijana wengi wa Kijaluo waliondoka kati ya mwaka 1939 na 1945 kujiunga na King's African Rifles na vikosi vingine vya Mwingereza. Wakenya wapatao 98,000 walitumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia: Ethiopia kwanza, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944.

Wengi waliondoka kabla ya kuoa. Kwa desturi ya Wajaluo, posa ilikuwa kazi ya jagam, yaani mshenga, aliyezijua koo zote mbili na kusema kwa niaba ya kijana. Askari aliyekuwa katika bonde la Kabaw, karibu na mpaka wa Burma na India, hakuwa na jagam. Alikuwa na kalamu, ikiwa alijua kuitumia.

Hapo ndipo jeshi lilipoingia katika mapenzi bila kukusudia, kwa maana askari wengi walijifunzia kusoma na kuandika kambini. Nyumbani, msichana aliyepitia shule ya misheni kama Ng'iya aliweza kujibu kwa mkono wake. Asiyesoma alimwendea mwalimu au karani, akamtajia maneno, na jibu lilipofika akasomewa kwa sauti. Yalikuwa mapenzi ya watu watatu, na si vigumu kuelewa kwa nini swali lenyewe lingefichwa nyuma ya salamu za wazazi na habari za mvua na mifugo.

Mtu wa nne alikuwa mkaguzi wa jeshi. Alifungua barua na kuondoa kila lililofichua kikosi kilipo, kisha akawaandikia wakubwa wake taarifa juu ya yaliyomo. Ni ajabu ya historia kwamba mengi tunayoyajua leo kuhusu mioyo ya askari hao yametoka katika taarifa za wapekuzi. Humo mwamejaa wasiwasi: nani anamtembelea mke aliyeachwa, fedha zilizotumwa zimeliwa na nani, mahari imepanda kiasi gani. Malalamiko mengine yalipelekwa kwa bwana DC, aliyetakiwa kuchunguza ndoa ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Barua nyingine hazikupata wa kuzisoma. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi baada ya vita walikutana na sheria ambayo barua haikuigusa. Kwa mila, kilichofunga ndoa ni ng'ombe. Msichana aliyeahidi kwa maandishi aliweza kuozwa kwa mwingine ikiwa ng'ombe wa huyo mwingine walitangulia kufika bomani kwa baba yake, na askari, hata akiwa na bahasha zote mfukoni, hakuwa na dai lolote mbele ya wazee.