Matembezi ya Kiangazi: Tumtazame Kima Punju kwa Macho Mapya



Januari na Februari, upepo wa Kaskazi unapovuma na njia za mashamba zimekauka, ni wakati mzuri wa kupeleka vijana na akina mama kutembea nje ya mji. Katika toleo hili tunapenda kueleza mambo ya kutazama huko, hasa mnyama mmoja ambaye wakulima wengi wa Unguja wamemhesabu kuwa adui.

Mnyama huyo ni kima punju. Kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Mahali pa hakika pa kumwona ni Jozani, yapata kilometa 35 kutoka Mji Mkongwe, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004 ikiwa ya kwanza Zanzibar. Ana mgongo mwekundu, nywele nyeupe kuzunguka uso, na mkononi hana kidole gumba. Asichanganywe na kima wa kawaida mwenye rangi ya kijivu, ambaye ndiye mwizi hasa wa ndizi mbivu. Tumbo la kima punju halimudu matunda matamu yaliyoiva. Yeye hula majani machanga, maua na matunda mabichi. Kwa hiyo asitupiwe ndizi, hata mtoto akilia kutaka kumlisha.

Punju maana yake ni sumu. Wapo wanaoamini kwamba mti ukiliwa na kima huyu hunyauka. Lakini lalamiko kubwa zaidi ni la minazi, kwa kuwa hula vidaka. Wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walilichunguza jambo hili katika mashamba yaliyo jirani na Jozani, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Waliona kwamba kima hula vidaka vidogo, ambavyo vingi hupukutika vyenyewe hata asipofika mnyama. Pale walipokula zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua bali yalikuwa makubwa zaidi, pengine kwa sababu mnazi uliopunguziwa vidaka huvilisha vyema vile vilivyobaki. Utafiti huo ulihusu nazi. Mkulima mwenye mazao mengine bado anastahili kusikilizwa.

Kioja kingine ni kwamba kima wa mashambani huokota mkaa na kuutafuna. Majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya. Mkaa huohuo ndio tunaopikia majumbani, na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Vichaka vya maweni, anamojificha pia paa nunga, hukatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Kikundi kikipita kando ya tanuri, kisiharakishe. Kimwulize mwenye tanuri, kwa heshima, ni miti gani anakata na inachukua miaka mingapi kuchipua tena.

Hesabu ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya zamani. Tunamshukuru Mungu, ingawa bado yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na wale wanaoishi nje ya hifadhi hutegemea uvumilivu wa wenye mashamba.

Kwa upande wa mimea, tembeleeni mikoko ya Pete, karibu na Jozani, maji yakiwa yamekupwa. Mkoko husimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, na mbegu yake huanza kuota ikingali mtini. Mchu huchomoza mizizi kutoka kwenye tope, mithili ya penseli. Wasioweza kusafiri waanzie mjini: Mkunazini, lilipo Kanisa Kuu la Kianglikana, pamepewa jina la mti wa mkunazi, na Miembeni hapahitaji maelezo.

Kwa kamati zitakazopanga safari: ondokeni alfajiri, kabla jua halijawa kali. Tengeni fedha za kiingilio, kwani sehemu yake hurudi katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mfuateni mwongozaji, na mwenye mafua akae mbali na kima, maana maradhi yetu huweza kuwapata. Vaeni nguo za heshima vijijini. Safari ikiangukia Ramadhani, chakula kisiliwe hadharani.