Radi Huingia Nyumbani kwa Waya

Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu ya mji wa Likasi, Kongo, haina neno. Oktoba joto linapamba moto, hewa yenye unyevu inaanza kurudi, na alasiri moja wingu linapanda kupita kilomita 10. Kwanza huja upepo wa baridi wenye vumbi, unaobamiza madirisha: ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu lenyewe. Anua nguo wakati huo huo. Dakika chache baadaye, paa! Sahani zinagongana kabatini.

Mwili hushtuka kabla akili haijaulizwa. Kope hufumba kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mabega yanapanda. Hiyo ni kazi ya shina la ubongo, si uoga, kwa hiyo baba mwenye nyumba akiruka kitini asichekwe.

Ngurumo yenyewe haiui. Radi huipasha hewa joto hadi karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, hewa inatanuka ghafla, nasi tunasikia mshindo. Sauti hutumia sekunde kama 3 kwa kilomita moja. Mwanga ukikupa sekunde 6 kabla ya ngurumo, radi imepiga kilomita 2 kutoka kwako. Mpasuko mkavu ni wa jirani. Mlio unaoviringika kama lori tupu barabarani ni wa mbali.

Watu hulaumu mabati, mimi nayatetea: bati halivuti radi. Shida ni umeme kukosa njia ya kushuka ardhini, ukarukia waya wa taa, antena au bomba la maji. Kwa hiyo chomoa chaja wingu likiwa bado mbali, wala usioge wala kuosha vyombo bombani hadi ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Simu isiyochomekwa haina ubaya, ongea nayo upendavyo.

Jirani atasema radi imetumwa na mchawi, na hapo ndipo mzee fulani wa mtaani huanza kunyooshewa kidole. Lakini setilaiti zimehesabu Kabare, Kivu Kusini, mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wachawi wangechoka.

Anayejenga amwambie fundi mapema: waya mnene wa shaba kutoka paani, usiokatizwa popote, hadi kwenye fimbo iliyofukiwa ardhini, mbali na mlango. Shaba yenyewe Likasi inaijua tangu kabla ya kuitwa Jadotville, jina lake la kikoloni.