AC inapiga kelele? Isikilize kabla haijala pesa ya nyumbani

Kila mwezi hapa tunaongea mambo ya rate na ada za kutuma pesa. Leo tuangalie tundu jingine linalovujisha mshahara: feni ya AC. Sisi wa Mawaleh tunajua, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 AC haipumziki, na vumbi nalo halipumziki.

Kelele inaanzia wapi

Ndani ya split kuna feni ndefu kama bomba, yenye mabapa mengi membamba. Ndiyo inayopuliza hewa chumbani. Vumbi likiganda upande mmoja, feni inakosa uwiano na kuanza kutetemeka. Mtetemo unakula beringi, na beringi ikifa inaweza kuondoka na mota. Yaani kazi ya kusafisha tu inageuka kuwa kazi ya kununua kifaa.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Tuseme kusafishiwa na fundi ni riyali 10, na kubadilisha mota ni riyali 40. Tofauti ni riyali 30. Riyali imefungwa kwenye dola, moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo hapo umepoteza karibu dola 78. Kwa wengi wetu hiyo ni ada ya mtoto.

Sikiliza mlio

- Upepo dhaifu na sauti ya kuvuta pumzi kwa shida: mara nyingi filta imeziba.
- Trrr, kama plastiki inagongana: kifuniko au skrubu imelegea. Kwa AC za dirishani, huenda boksi linagonga fremu; kipande cha mpira katikati kinatosha.
- Mtikisiko unaopanda ukiongeza spidi: feni ina uchafu au bapa limevunjika.
- Mlio mkali wa chuma kukwaruzana: beringi.
- Inanguruma lakini feni haizunguki: mota au kapasita. Zima mara moja.

Unachoweza kufanya mwenyewe

1. Zima AC kwa rimoti, halafu zima na swichi yake kuu. Umeme wa hapa ni volti 240, hauna mzaha.
2. Fungua kifuniko cha mbele, toa filta. Zioshe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, zikaushe kivulini. Usizirudishe zikiwa mbichi.
3. Mulika feni kwa tochi ya simu. Ukiona vumbi, litoe taratibu kwa brashi laini na kavu. Usichokoe kwa bisibisi, bapa likivunjika kelele itazidi.
4. Kaza skrubu za kifuniko zinazoonekana, rudisha filta, washa, sikiliza tena.

Wakati wa joto rudia filta kila wiki mbili. Filta chafu pia inafanya mashine ifanye kazi muda mrefu kupoza chumba kile kile, na bili ya umeme inapanda.

Ishia hapo

Beringi, mota, gesi na nyaya mwachie fundi. Kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo video ya simu isikudanganye. Muulize fundi bei kabla hajafungua, na akibadilisha kifaa mwombe risiti na kile cha zamani ukione.

Nani analipa?

Soma mkataba wa nyumba kabla hujatoa hata baisa. Mingi inatenganisha usafi wa kawaida na matengenezo makubwa. Rekodi ile kelele kwa simu, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, uhifadhi tarehe. Ukilipa kwanza kwa mdomo tu, kurudishiwa ni kazi. Na nyie mnaokaa nyumba ya kampuni au kwa mwajiri, msifungue chochote. Toeni taarifa, tena kwa maandishi.

Kama mnakaa watu wanne chumba kimoja, kila mtu atoe nusu riyali kwa mwezi. Kufika mwezi wa 4 mtakuwa na pesa ya kumwita fundi kabla joto halijaanza na mafundi hawajawa adimu.