Uliacha Kazi Kulea Watoto? Panga Mambo Haya 4 Kabla ya Kurudi

Miaka sita nyumbani si mchezo. Sasa watoto wameingia shule, karo inauma na unataka kurudi kwenye kazi uliyosomea. Kabla hujatuma CV kila mahali, kuna mambo yanayoweza kukukwamisha hata baada ya kupita mahojiano. Kama uko Kenya, anza na haya.

1. Angalia PIN yako ya KRA

PIN haikulala ulipoacha kazi. Ikiwa bado imesajiliwa kwa kodi ya mapato, unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kufikia Juni 30, hata kama hukupata senti. Faini kwa mtu asiye na mapato ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliokosa. Miaka sita ni shilingi 12,000! Usipolainisha hilo, hutapata cheti cha kodi, na waajiri wengi, hasa serikali, hukitaka. Ingia iTax leo ujue umesimama wapi.

2. Leseni na vyeti

Mawakili na wahandisi hulipia leseni kila mwaka. Kama wewe ni mmoja wao, au taaluma yako ina bodi, uliza mapema unadaiwa nini na kama kuna mafunzo ya kufidia. Cheti cha maadili mema cha DCI nacho huombwa kwenye eCitizen, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Usingoje hadi mwajiri akuombe.

3. Usifiche pengo kwenye CV

Kubadilisha tarehe ni hatari, maana simu moja tu kwa bosi wako wa zamani itakuumbua. Andika mstari mmoja: miaka uliyokaa nje na sababu, basi. Kisha ongeza ulichofanya. Ulikuwa mweka hazina wa chama? Uliuza nguo mtandaoni? Hiyo ni kazi ya pesa na watu, iandike pamoja na idadi ya wanachama au wateja.

4. Piga hesabu mpya ya mshahara

Hapa ndipo wengi hushtuka. Chukua mshahara wa shilingi 60,000. Mwaka 2018, ulikatwa NHIF 1,300 na, kwa wengi, NSSF 200. Jumla 1,500.

Siku hizi mambo ni tofauti:
- NSSF ni asilimia 6: shilingi 3,600
- Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75: shilingi 1,650
- Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5: shilingi 900

Jumla ni 6,150, na hapo PAYE bado haijaguswa. Kwa hivyo ukikubali mshahara uleule ulioacha, utabeba nyumbani pesa kidogo kuliko zamani, na bado kuna nauli na mshahara wa dada wa kazi.

Ukiulizwa unataka kulipwa ngapi, usitaje kiwango cha zamani kwa woga wa kukosa kazi. Anza na kile unachohitaji kifike mkononi, ongeza makato, ndipo utaje mshahara kamili.

Na mtu akikuomba pesa ili akupangie mahojiano, kata simu. Huyo ni tapeli.