Sura ya Tisa: Hati ya Mbali, Boma la Karibu

Kisian ni njiapanda. Barabara itokayo Kisumu ikifika hapo hugawanyika, moja ikaelekea Maseno na Busia, nyingine ikaenda Bondo hadi Usenge. Kwa ndoa za siku hizi njia zimeongezeka. Mume na mke waliosajiliwa Kisumu na kujenga boma Kisian wanaweza leo kuwa Manchester wote wawili, kwa viza za kazi, wakila meza tofauti. Ndoa hiyo ikifa, izikwe wapi? Wengi huuliza ni nchi gani inayotoa talaka upesi kwa mgeni. Swali hilo limekaa vibaya. Talaka ya ugenini ina milango miwili: wa kuingilia mahakamani, na wa kurudi nayo nyumbani. Nchi nyingi zimeupanua mlango wa kwanza. Mlango wa pili ndio unaowakwamisha watu, nao hugunduliwa wakati wa kuoa tena, kugawana shamba au kuzika.

Mzizi wa jambo ni neno moja: kwenu. Mwaka 1895 Baraza la Faragha la London, likiamua rufaa ya Le Mesurier kutoka Ceylon, lilisema kwamba mahakama yenye haki ya kuvunja ndoa ni ya nchi ambayo wanandoa wana makao yao ya kudumu. Makao hayo si anwani ya posta. Mtu huzaliwa nayo, kwa kawaida kupitia baba yake, na hayamtoki mpaka ahamie kwingine akikusudia kukaa huko moja kwa moja. Anayesema kila Krismasi kwamba akistaafu atarudi kwao hajahama, hata akilipa kodi Uingereza miaka kumi. Msomaji wa pwani ya ziwa hahitaji profesa amfafanulie haya, kwa kuwa Kidholuo hutenganisha ot, nyumba ya kulala, na dala, boma lenye asili ya mtu. Tofauti hiyo ilibishaniwa mahakamani baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986, akiwa na nyumba Nairobi na mjane, Wambui, aliyetaka kumzika karibu na mji huo. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo wa Umira Kager ushindi, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kwa maoni yangu mjane hakutendewa haki, na kesi yenyewe haikuwa ya talaka. Lakini ilionyesha jinsi asili ya mtu inavyoweza kuwa nzito kuliko maisha aliyojichagulia, mbele ya majaji wa Kenya.

Marekani walilipata somo lao kwa njia ya jela. Tangu 1931 jimbo la Nevada lilimruhusu mtu kudai talaka akishakaa humo wiki sita tu, na biashara ikachanua: hoteli, mawakili, mashahidi wa kuapa kwamba bwana fulani ameonekana mjini kila siku. Mwaka 1940 mwanamume aitwaye Williams na mwanamke aitwaye Hendrix, kila mmoja akiwa na mwenzi wake North Carolina, walikwenda Las Vegas, wakakaa muda uliotakiwa, wakapata talaka, wakaoana, wakarudi kwao. Jimbo lao likawashtaki kwa kuishi katika ndoa juu ya ndoa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaokoa mara ya kwanza, mwaka 1942. Kesi iliporudiwa, mwaka 1945 iliruhusu hatia isimame, kwa hoja kwamba jimbo la nyumbani lina haki ya kuchunguza kama kweli walihamia Nevada au walipita tu. Hati zao zilikuwa halali Nevada. Kwao zilikuwa karatasi. Kenya nayo ina kosa hilo katika kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kikifika miaka 5.

Sasa turudi Manchester. Mahakama ya Uingereza humfungulia mlango mwombaji aliyeishi huko kwa mazoea mwaka mmoja, na tangu 6 Aprili 2022 haimtaki ataje kosa la mwenzake. Kesi huchukua angalau miezi sita. Kenya bado inadai sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka mitatu, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Haishangazi kwamba kishawishi kipo. Lakini kifungu cha 61 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 huitambua amri ya mahakama ya nje iwapo mmoja wa wanandoa ana makao ya kudumu katika nchi ya mahakama hiyo, au amekuwa akiishi Kenya miaka miwili mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa, au amri hiyo ina nguvu katika nchi ya makao yao. Kimeandikwa kwa namna ya ajabu, maana mwenye mwenzi aliyebaki Kisian yuko salama kuliko wawili walioondoka pamoja. Hao wawili makao yao bado ni Kenya, Kenya hawajaishi miaka hiyo miwili kabla ya kesi, na kuuliza kama amri ina nguvu kwao ni kuuliza swali lile lile walilokuja nalo.

Utaambiwa hapo kwamba majaji ni watu wenye busara, hawataifumbia macho talaka ya Uingereza. Hoja hiyo ina uzito. Mabwana wa Bunge la Uingereza katika kesi ya Indyka, mwaka 1967, walikubali talaka ya nje pale penye uhusiano wa kweli na wa kutosha kati ya mtu na nchi iliyotoa amri, na wakili hodari anaweza kuileta Kisumu. Lakini kumbuka ataileta lini: mwenzako akishapinga, kesi ikishakuwa mbili, na wewe umeshaoa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu anayepigwa hawezi kuambiwa asubiri falsafa ya makao. Kweli kabisa. Ila kinachomlinda usiku ule si talaka; ni amri ya kumzuia mpigaji, ambayo Kenya inaitoa chini ya sheria ya 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani, na ambayo Uingereza pia inayo. Ndoa yenyewe inaweza kungoja mahakama inayofaa.

Halafu kuna shamba. Tangu uamuzi wa Moçambique wa 1893, mahakama za Kiingereza zimekataa kuamua umiliki wa ardhi iliyo nchi nyingine. Jaji wa Manchester anaweza kuivunja ndoa vizuri kabisa, ila jina lililo kwenye hati ya kiwanja cha Kisian hataligusa. Hilo litafuata Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na tangu Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua Januari 2023, nusu kwa nusu haiji yenyewe: kila mmoja athibitishe alichochangia. Risiti za pesa zilizotumwa nyumbani kununua mabati na saruji zitakuwa na kazi kuliko hati ya talaka.

Ndoa ya kimila ina tabaka jingine. Mahakama imeivunja, lakini ng'ombe wako wapi? Kwa wazee, mahari isipozungumzwa mambo hayajaisha, na mtafaruku utaibuka siku ya mazishi. Waislamu nao wana tahadhari yao: talaka iliyotamkwa kwa simu bila utaratibu wowote, mmoja akiwa amekaa Uingereza mwaka mzima kabla yake, nchi hiyo haiitambui.

Kwa hiyo, kwa wawili hawa wa Manchester wenye boma Kisian, ningewashauri wafungue kesi Kenya. Kiapo kinaweza kuliwa mbele ya mthibitishaji huko waliko, nyaraka hupelekwa kwa mtandao, na tangu janga la korona hakimu anaweza kuwasikiliza kwa video.