Likizo ya Mfanyakazi na Mvua za Masika

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na ajali za viwandani. Leo tuzungumze juu ya likizo. Hatutauliza kama likizo ni haki yetu, kwa kuwa jambo hilo sheria imekwisha kulijibu. Tutauliza swali ambalo kwa kawaida hatuliulizi: likizo hiyo huangukia mwezi gani, na ni nani anayeuchagua mwezi huo?

Swali hili lilitujia tukiwa sita ndani ya vyumba viwili vya kupanga, kusini mwa Mombasa, mvua ikipiga paa la bati usiku na mchana. Sote ni wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sukari katika Busoga, Uganda. Wawili ni mafundi wa karakana, mmoja hufanya kazi kwenye mizani, wawili ni wa mashambani, na mmoja ni mzee wetu wa boila. Kwa miezi 15 kila mmoja alikuwa akiweka shilingi 40,000 za Uganda kwa mtunza fedha wetu, siku ile ile ya mshahara, kabla senti haijafika sokoni. Nia yetu ilikuwa moja tu: kuiona bahari. Kati yetu sita, watano hatukuwa tumeiona hata mara moja.

SAFARI NA HABARI ZA NJIANI

Tuliondoka Jinja Jumamosi jioni, tarehe 27 Aprili 2024, kwa basi la kupitia Busia. Njia nzima ilikuwa maji matupu. Mashamba yalikuwa yamefunikwa, na mara kwa mara dereva alisimama kwanza aone kina cha maji kabla ya kupita. Baada ya Naivasha tulipita juu ya Bonde la Ufa Jumapili mchana. Tulipofika Mombasa Jumatatu asubuhi, redio ilikuwa ikitangaza kwamba alfajiri ile maji na matope yalikuwa yameshuka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu, chini katika bonde lile lile, yakabeba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Jumapili ile ile tuliyokuwa safarini, boti lililokuwa likivusha abiria kwenye mafuriko ya Mto Tana, upande wa Garissa, lilikuwa limepinduka na kuua watu.

Msomaji aelewe basi kwamba hatukuwa katika hali ya kulalamika kwamba jua halikutoka. Mvua za masika za mwaka ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Sisi tulikuwa wazima, tulikuwa na paa, na kila asubuhi tulikuwa na mahamri na mbaazi. Tulivuka Likoni kwa feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi kitu, tukatafuta vyumba, tukavipata kwa bei ndogo kuliko tuliyokuwa tumeambiwa. Wakati ule tulidhani ni bahati.

JAMBO LA BOTI

Katika fedha zetu tulikuwa tumetenga fungu la safari moja ya baharini: kwenda Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania, na kutoka huko kwa boti mpaka Kisite kuona matumbawe na pomboo. Tulimlipa nahodha mmoja nusu ya fedha. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 4 Mei.

Katikati ya juma ile zikaja habari za kimbunga kilichoitwa Hidaya, kilichokuwa kikitoka Bahari ya Hindi kuelekea pwani ya Tanzania. Vimbunga hufika kwa nadra upande wetu, kwa sababu upepo huhitaji mzunguko wa dunia ili ujizungushe, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo. Lakini nadra si kamwe. Wazee wa Lindi walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji wao. Safari hii idara za hali ya hewa za Tanzania na Kenya zilitoa onyo mapema. Serikali zikawataka wavuvi na wenye vyombo wasiingie baharini, na vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa.

Nahodha wetu alikuja mwenyewe Ijumaa asubuhi, amelowa chapachapa, akasema hatang'oa nanga. Hapo hapo akatoa fedha zetu kwenye mfuko wa plastiki, akazihesabu mbele yetu. Jioni alikuja mtu mwingine, kijana mwenye boti ya mashine, akasema yeye yuko tayari, na kwa nusu ya bei. Maneno yakaanza.

Mzee wetu wa boila alitaka twende. Si mtu mkaidi, na kazini ndiye anayetukataza sote kugusa valvu kabla ya kusoma kipimo. Lakini siku ile alisema hivi: "Nina miaka 19 mbele ya tanuri. Mwaka ujao ninastaafu. Nikirudi nyumbani watoto wataniuliza nimeona nini. Niwaambie nilikwenda Mombasa kuangalia mvua? Mvua si iko kwetu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Fundi mmoja akamwunga mkono. Ikabidi tufanye kama tufanyavyo katika tawi: kila mtu aseme lake, kisha tupige kura. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akisikiliza huku akikuna nazi barazani, aliomba naye kusema. Akatukumbusha meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar tarehe 18 Julai 2012 katika upepo mkali, ikapinduka karibu na Chumbe. Ilikuwa na watu karibu 300, na zaidi ya 100 walikufa au hawakuonekana tena. "Wale nao, wanangu," alisema, "kila mmoja alikuwa na haraka yake ya haki. Kawia ufike."

Kura zilikuwa nne kwa mbili. Hatukwenda. Mzee wa boila aliingia chumbani, akalala kifudifudi, na hakula mpaka kesho yake.

Kimbunga kilipungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Jumamosi kilifika Mafia kikiwa kimedhoofika, lakini mvua yake ilitosha kukata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, katika wilaya ya Kilwa. Kwetu tuliona mawimbi na upepo, hakuna zaidi. Kijana wa boti alipita Jumapili akatucheka. Tulimwacha acheke. Onyo likitolewa na maafa yasije, si hasara ya mtu.

JIRANI YETU WA MLANGO WA PILI

Sasa nifike kwenye jambo lililotufungua macho. Katika nyumba ile aliishi dada mmoja ambaye hutandika vitanda katika hoteli ya kitalii. Tulimwona kila siku yuko nyumbani, tukadhani naye yuko likizoni. Akacheka. "Likizo gani? Mimi ni kibarua wa msimu. Masika ikiingia wageni huondoka, na sisi huambiwa tusubiri nyumbani mpaka tuitwe." Kutoka Aprili mpaka Juni hana mshahara, wala hajui kwa hakika kama ataitwa tena.

Basi hapo ndipo tulipofahamu ile bahati yetu ya bei ndogo. Chumba kilikuwa rahisi kwa sababu aliyekuwa akikipanga alikuwa amepunguzwa kazi na kurudi kwao bara. Mvua ile ile iliyotuharibia siku kumi ilikuwa imemharibia jirani yetu miezi mitatu.

Yeye ndiye aliyetuuliza swali tuliloanza nalo: "Nanyi kwa nini mkaja Mei? Hakuna mtu anayekuja pwani Mei."

KWA NINI MEI?

Jibu liko kiwandani kwetu. Mvua ikinyesha, miwa haikatiki vizuri. Lori na trekta hukwama shambani, matope huingia kinuni pamoja na muwa, na sukari ndani ya muwa hupungua. Ndiyo maana viwanda vingi vya sukari huchagua miezi ya mvua kusimamisha mitambo na kuifanyia matengenezo. Na kiwanda kikisimama, karani hubandika orodha: fulani na fulani waende likizo. Anayelipwa kwa tani hapati kitu siku za mvua, na mwenye mshahara wa mwezi hupewa likizo yake wakati ambao kazi yake haihitajiki.

Ndugu zetu wa chai wana hali ya kinyume. Chai hupenda mvua. Majani yakiwa mengi mchumaji hapewi ruhusa, na likizo humjia wakati wa ukavu, kama Januari na Februari. Kwa hali ya hewa yeye ana nafuu, maana pwani huo ni wakati wa kaskazi: jua kali, bahari shwari. Lakini ndiyo miezi ya watalii, na bei ya chumba hupanda asiweze kuifikia. Hivyo wa sukari hupewa mvua kwa bei ndogo, na wa chai hupewa jua kwa bei asiyoiweza. Wote wawili mwezi wao umechaguliwa na zao.

Hatusemi mashine zisitengenezwe, wala chai isichumwe. Tunasema kwamba mfanyakazi naye anahesabiwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo ya mshahara kamili kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, zichukuliwe wakati ambao pande mbili zitakubaliana. Maneno hayo ya mwisho tuyasome mara mbili. Kukubaliana si kubandikiwa karatasi mlangoni. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema kwamba mwajiri akipanga wakati wa likizo ashauriane na mfanyakazi au wawakilishi wake, na katika kupanga yaangaliwe mahitaji ya kazi pamoja na nafasi aliyo nayo mfanyakazi ya kupumzika. Kwa jirani zetu, Kenya sheria ya 2007 inatoa siku 21 za kazi, na Tanzania sheria ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Hesabu zinatofautiana, lakini popote pale siku za mapumziko ambazo mtu hawezi kupumzika ni siku zilizopunguzwa thamani.

YALIYOFUATA

Tulirudi kazini Jumatatu, tarehe 13 Mei. Katika mkutano wa tawi tulileta jambo hili, tukaomba orodha ya likizo ijadiliwe kabla mwaka haujaanza, idara kwa idara. Kwanza walioajiriwa muda mrefu walitutazama kama watoto wanaolilia kuogelea. Mzee wa boila akasimama, akaeleza habari za boti na za chumba kile kwa maneno machache, na baada yake hakuna aliyecheka. Uongozi umekubali kwamba karakana na mizani wagawanywe, nusu wapumzike wakati wa matengenezo, nusu baadaye. Idara ya boila haijakubaliwa, na wa mashambani bado hawajajibiwa. Tunaendelea.

Kwa wenzetu wanaotaka kwenda pwani pamoja na marafiki, tuseme tuliyojifunza:

Jueni majira. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, joto na bahari tulivu. Aprili na Mei ni masika. Baada ya hapo ni kusi mpaka Septemba, hewa ya baridi kidogo lakini bahari huchafuka. Oktoba na Novemba upepo hugeuka na vuli huingia.

Wekeni akiba ya siku mbili au tatu kabla ya tarehe ya kurudi kazini. Barabara ikikatika, msiende kwa pupa.

Msilipe fedha zote mbele. Ulizeni chombo kinachukua watu wangapi na kina majaketi ya kuokolea mangapi, kisha hesabuni wenyewe.

Nahodha akikataa kutoka, mshukuruni. Naye ni mfanyakazi, na siku ile anapoteza mshahara wake.

Na kabla ya hayo yote, mwezi wa Novemba, kabla karani hajachukua kalamu, kila idara iandike miezi inayoitaka na kuipeleka kwa mwakilishi wake. Mvua hatuwezi kuikalia mkutano. Orodha ya likizo tunaweza. Mzee wetu anastaafu mwakani, na mchango wa kumpeleka Shimoni mwezi wa Februari umekwisha kuanza.